Wiki ya 41

Jumapili iliyopita baada ya ibada, kina mama wawili wa kwetu walikuwa wakisubiri treni katika stesheni ya Rissne, hapa Sweden, pale kwenye kuta zilizoandikwa historia ya dunia tangu enzi za piramidi. Mmoja alikuwa amepitisha tarehe ya kujifungua, koti halifungiki tena, na simu kutoka kwao Bukavu hazikatiki: "Bado tu?" Mkunga alikuwa amemwuliza kama angependa kuanzishiwa uchungu. Mwenzake akamwambia, "Mdogo wangu, mtoto ana saa yake kwa Mungu. Ya nini kumharakisha?"

Yule mjamzito aliinamisha macho, kama aliyekutwa na kosa. Baadaye nikajua kwamba huyo dada mkubwa, zamani akiwa kule kwao, aliwekewa dripu ya uchungu bila kuulizwa neno. Kumbe lililosema ni kovu. Je, wewe nawe hujapata kumpa mtu ushauri wa imani, kumbe ni maumivu yako ya zamani?

Tuyatazame ya hospitali bila woga. Kati ya 2016 na 2018, hospitali 14 za hapa Sweden zilishiriki utafiti wa kina mama wapatao 2,760 waliokuwa na mimba zisizo na matatizo. Nusu walipangiwa kuanzishiwa uchungu wiki ya 41, nusu kusubiri hadi ya 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kukamilika: upande wa waliosubiri watoto 6 walifariki, upande wa pili hakuna. Wala upasuaji haukuongezeka.

Hesabu hiyo isomwe taratibu. Waliosubiri walikuwa zaidi ya 1,300, na karibu wote walipakata watoto wazima. Tena, kuanzisha uchungu kabla ya wiki ya 39 bila sababu ya kiafya kwaweza kumletea mtoto shida ya kupumua. Kwa hiyo mama aulize, aelezwe, aamue, nasi tumwombee katika uamuzi wake. Mikono ya mkunga nayo ni ya Mungu. Kitabu cha Kutoka kinawataja wakunga Shifra na Pua kwa majina. Farao wao hakikumtaja jina.

Na uaminifu wa kila siku uko wapi hapo? Uko katika kusikiliza mtoto anavyocheza tumboni. Akipunguza kucheza, piga simu hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usione haya.

Lakini yumo kati yetu aliyesubiri akampoteza mtoto, na mpaka leo anajiuliza, "Ningekubali je?" Huyo usimpe takwimu. Alitenda kwa upendo na kwa alichokijua siku ile. Nenda kwake wiki hii, umpikie, ukae. Na kama mtoto alipewa jina, litaje.