Bure ya Mbali

Wiki hii naomba mniruhusu nianze kwa kukiri kosa, tena kosa la madhabahuni.

Nimehubiri Yohana sura ya 5 mara nyingi, habari za yule mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha. Na kila mara nimemsema vibaya. Yesu anamuuliza kama anataka kupona, naye badala ya kujibu ndiyo anaanza kueleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Mnakumbuka nilivyosema: huyo ni mtu wa visingizio! Nanyi mkaitikia amina.

Mwezi uliopita tulikuwa na huduma kijijini, huko Kinango. Baada ya ibada, nyanya mmoja akaniletea mjukuu wake wa miaka 9 nimwombee. Mwili unawaka moto. Nikamwekea mikono, nikaomba, halafu nikauliza kwa sauti ambayo leo naionea aibu: "Mama, homa ya siku nne, mbona hujampeleka zahanati? Si matibabu ni bure?"

Hakukasirika. Alinihesabia kwa vidole. "Boda kwenda 200, kurudi 200. Siku hiyo siendi kibarua, 300 imeenda. Nikifika naambiwa dawa zimeisha, nikanunue dukani. Mara ya mwisho ilikuwa 350. Sasa pasta mwanangu, hiyo bure naipata wapi?"

Mimi nimesomea biashara chuo kikuu. Somo la mwaka wa kwanza kabisa ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye bidhaa si gharama yake yote. Nilipita mtihani huo vizuri tu. Lakini ilibidi mama ambaye hajakanyaga darasa anifanyie hesabu juani: bure yake ni shilingi 1,050, na hana.

Tulimpakia mtoto kwenye gari la kanisa. Kipimo kilionyesha malaria, dawa siku hiyo zilikuwepo, na namshukuru Mungu alipona. Nikiwa kwenye benchi pale nikajiuliza, je, kama ibada yetu ingekuwa wiki iliyofuata?

Kuna jambo jingine nililijua hapo hapo kwenye benchi. Mtoto huyo haendi shule sawasawa. Alizaliwa nyumbani, mama yake yuko mjini anatafuta, na cheti cha kuzaliwa hana. Bila cheti, shule yake haijamsajili. Basi anakaa darasani kama mgeni. Wakati mwingine anarudishwa nyumbani, wakati mwingine anachoka mwenyewe.

Sitaki mnielewe vibaya. Mimi ni tunda la bure. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi nilikuwa darasa la sita, na karo ilikuwa imenikalisha nyumbani muhula mzima. Nilirudi. Mwaka 2013 malipo ya zahanati na vituo vya afya yakaondolewa pia, na wengi wakapona. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya huduma ya afya. Hayo yote ni mema. Lakini shule yangu ilikuwa nyuma ya nyumba yetu! Bure yangu ilikuwa ya karibu. Ya mtoto yule ni ya mbali, na swali linaloninyima usingizi ni hili: huo umbali ni deni la nani?

Shemasi mmoja, ndugu ninayemheshimu sana, aliniambia, "Pasta, tunalipa kodi. Tukianza kubeba mzigo wa kaunti, kaunti italala." Ana hoja. Zahanati iko chini ya kaunti, na kaunti inapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti sisi huwa hatuendi, tuko kwenye mkesha. Hapo tumekosea, twende tukaulize dawa zinaishaje. Ila malaria haingoji bajeti. Wale wanne wa Marko sura ya 2 waliombeba mwenzao wakatoboa dari hawakusimama kwanza kuuliza hiyo ni kazi ya nani. Na mtu akiwa na gari, akalipita jirani aliyelala njiani, sioni jinsi kodi yake inavyomtetea.

Kwa hiyo nimemrudia yule mgonjwa wa Bethzatha. Aliulizwa, akajibu ukweli mtupu. Maji yalikuwa ya bure, yalikuwa pale pale, na hakuwa na mtu. Nimesoma sura ile tena polepole: Yesu hakumkemea kwa jibu lile hata kidogo. Mimi ndiye niliyemkemea, miaka yote hii.

Jumatano namsindikiza nyanya yule Kwale mjini kufuatilia cheti. Usajili uliochelewa unadai karatasi za mzazi, kwa hiyo huenda zikawa safari mbili au tatu. Tumempata mama mtoto kwa simu, ameahidi kutuma nakala ya kitambulisho chake. Gari bado lina nafasi mbili. Tunaondoka langoni pa kanisa saa kumi na mbili asubuhi.