Nyumba ya Jirani Ikianguka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa makazi ya viumbe wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wakimbizi wa Nakivale, na nanyi wa Mbarara ambao maneno haya yatakufikieni, nauusia moyo wangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mola wetu wakati wa raha kama tunavyomlilia wakati wa msiba.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, katika zile siku kumi tukufu za mwanzo wa Mfunguo Tatu, mahujaji walipokuwa wakikusanyika Makka na Waislamu kila mahali wakijitayarisha kwa Idi ya kuchinja, ardhi ilitikisika chini ya Bukoba, mji mdogo wa buni na ndizi ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, uliofanywa kituo na Wadachi tangu mwaka 1890. Hesabu ya serikali ilitaja watu 17 waliofariki. Mamia walijeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka kuta, na shule za Ihungo na Nyakato, zilizolea vizazi vya wanafunzi, zikawa hazikaliki. Kesho yake maiti waliagwa katika uwanja wa Kaitaba, na wengi waliosalimika wakalala nje, wakiuogopa ukuta waliouegemea jana.

Penye msiba kama huu haukosi ulimi wa kuuliza: mji ule umekosa nini hata ukapigwa? Ndugu zangu, tujihadhari na swali hilo. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume wetu, jua lilipatwa, na watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, aliyekuwa na kila sababu ya kuyaacha maneno hayo yenye kumtukuza mwanawe, aliyakataa papo hapo, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu na hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Tena yeye mwenyewe amemhesabu mtu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Basi ikiwa Mtume amempa shahada aliyefukiwa na kifusi, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumpa laana? Zilizala haikuletwa ili tuwahukumu walioangukiwa. Imetuachia sisi tuliosimama mtihani wetu, nao ni kuulizwa tumewafanyia nini.

Mwenyezi Mungu ameijaalia dunia yake kanuni. Nchi zetu hizi zimekaa kando ya Bonde la Ufa, na nguvu ile ile iliyochimba maziwa yetu na kuinua milima yetu ndiyo inayotikisa nyumba zetu: ilitikisa Toro mwaka 1966, ikatikisa Bukavu mwaka 2008, na wako miongoni mwenu wazee waliokimbia Kivu wanaoikumbuka vyema siku ile. Mara nyingi kinachoua ni ukuta, ambao tumeujenga kwa mikono yetu: matofali yaliyoshikwa kwa udongo mtupu, kuta zilizopanda juu bila mkanda wa zege wenye nondo wa kuzifunga pamoja. Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Basi fundi anayepunja saruji, na tajiri anayemhimiza apunje, wajue kuwa wanacheza na roho za watu, na kusema baadaye kuwa yalikuwa majaaliwa hakutawaondolea dhima.

Sasa tazameni ujirani wetu. Kati ya Isingiro yetu hapa Uganda na Kagera, mkoa wa Bukoba kule Tanzania, pamepita mto tu na mpaka uliochorwa na wageni. Mwaka 1978 majeshi yalivuka mpaka huo kwenda Kagera, yakaharibu na kuua. Na Februari 1979 majeshi mengine yakavuka kuja huku, na Mbarara ikabaki magofu. Pande zote mbili, basi, zinajua maana ya nyumba iliyoanguka, na zote mbili zimewahi kuwa mkono wa kuiangusha. Tetemeko la mwaka 2016 halikuuliza pasi ya kusafiria. Lilisikika huku kama lilivyosikika kule. Ikiwa msiba haukuujali mpaka, haifai huruma yetu isimame mtoni ikingoja ruhusa.

Najua mtasema: sisi wa Nakivale tuna nini cha kutoa, ilhali tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipopokewa hapa wakimbizi kutoka Rwanda, hadi leo, tukiwa Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, tunaishi kwa kupokea? Wakumbukeni Ash'ari, watu wa Yemen waliosifiwa na Mtume. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini, kila mmoja alileta alichokuwa nacho, wakakikusanya katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Na Mtume akawahesabu kuwa ni watu wake. Hawakusubiri washibe ndipo wagawane. Nanyi mliojenga upya kwa miti, udongo na turubai mna elimu ambayo mwenye jumba la ghorofa hana: mnajua kuwa siku ya kilio wageni ni wengi, lakini baada ya miezi, nyufa zikiwa bado ukutani na mjane angali chini ya turubai, njia ya kwake huota majani. Hapo ndipo anapohitajiwa Muislamu, kwa kibaba cha maharagwe, kwa siku moja ya kukanda udongo, kwa kumpa mtoto yatima nafasi jamvini. Na atakayekabidhiwa mchango wa waliofikwa aushike kama anayeshika kaa la moto, kwani kila shilingi ni amana.

Mnaijua Sura ya Zilizala, ambayo watoto wetu huihifadhi wangali wadogo. Inaanza kwa mtikisiko wa ardhi nzima, na inaishia kwenye kitendo kidogo kuliko vyote, chema au kiovu, kisichopotea mbele ya Mungu. Basi asidharau mtu kibaba chake.

Ewe Mola, warehemu waliofariki chini ya vifusi vya Bukoba, Bukavu na Toro, wape subira waliobaki, zithubutishe nyoyo zetu kabla ya nyumba zetu, na utujaalie tuwe majirani ambao nyumba ya mwenzao ikianguka, mlango wao hufunguka. Amin.