Chungu na Chumvi

Umeonja mboga isiyo na chumvi? Chumvi ni kidogo, lakini chungu kizima huitegemea. Mwaka 1930, pwani ya Odisha, India, watu walifungwa kwa chumvi hiyo. Serikali ya Waingereza ilimkataza mwananchi kuchemsha maji ya bahari apate chumvi yake. Mmoja wa watu hao, Harekrushna Mahatab, alikataa kutii. Akafungwa. Akatoka. Mwaka 1942 akafungwa tena, katika ngome ya Ahmednagar. Humo akaandika. Akaandika historia ya watu wake, watu wa Odisha. Baadaye akawa waziri kiongozi wa jimbo hilo, na kalamu hakuiweka chini. Mimi naipenda kalamu hiyo kuliko cheo chake. Yeye aliandika akiwa amefungiwa; wewe unayeingia kazini sasa, mlango wako uko wazi. Leo utaandika nini?