Nani Hakuja Mezani?



Wapendwa vijana, mwezi huu nimeulizwa swali moja mara tatu, na watu watatu tofauti: "Frateri, hivi kula kwenye mgahawa wa gharama ni dhambi?" Nimegundua kwamba anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Mmoja anataka nimwambie ni dhambi ili akamsute mwenzake. Mwingine anataka nimwambie si dhambi ili aweke picha zake mtandaoni kwa amani.

Nijibu mapema tusipoteze muda. Si dhambi. Bwana wetu alikula kwa Zakayo, kwa Simoni Mfarisayo, na kwa Lawi mtoza ushuru aliyemfanyia karamu kubwa nyumbani kwake. Watu wakamwita mlafi na mlevi (Mt 11:19), na bado hakuacha kwenda. Kule Kana, ukichukua yale mabalasi sita na vipimo vilivyotajwa na Yohane, unapata divai inayokaribia lita 500, pengine hata zaidi. Harusi ya kijijini hiyo! Na pale Bethania, aliyepiga hesabu ya marhamu na kusema ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini, alikuwa Yuda. Yohane anatueleza wazi kwamba maskini hawakuwa shida yake (Yn 12:4-6).

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anasema ulafi una sura tano: kula kabla ya wakati, kula vya gharama kupita kiasi, kula kingi mno, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya kubembelezwa. Gharama imo, lakini ni moja kati ya tano. Maana yake unaweza kuwa mlafi kamili ukiwa na sahani ya chipsi mayai pale kituoni, na mwenzako akala kamba wa bei mbaya akabaki mtu wa kiasi.

Wengi wakisikia hivyo huridhika na kuondoka. Mimi nawaomba mkae kidogo, kwa sababu kuna dhambi ya mezani ambayo haihusu mdomo kabisa.

Nipo mwaka wa kichungaji katika parokia moja hapa Dar es Salaam. Karibuni kikundi kimoja cha vijana kiliamua kufanya chakula cha jioni cha pamoja, na safari hii wakasema tusile pilau la ukumbini, twende mahali pa kisasa. Wakachagua mgahawa wa Kichina kule Masaki. Ghorofani, vioo pande zote, taa za chini chini, bahari inaonekana kwa mbali, wahudumu wamevaa nguo nyeusi na wanatembea bila kusikika. Kila mtu shilingi 85,000. Mimi wakanialika kama mlezi, wakanilipia.

Chakula kilikuwa kizuri, jamani. Vilikuja vifurushi vidogo vya unga vilivyopikwa kwa mvuke, ndani kuna kamba, unga wenyewe mwembamba hadi unaiona rangi yake. Halafu akaja bata wa Beijing. Yule bata ni kazi ya subira: anapulizwa hewa kati ya ngozi na nyama, anamwagiwa maji ya moto, anapakwa sharubati ya kimea, ananing'inizwa akauke kwa saa nyingi, ndipo anaingia kwenye tanuri. Mpishi anakuja kumkata mbele yenu. Ngozi inalia kama kaukau. Unachukua kipande, unakiweka kwenye chapati nyembamba sana pamoja na tango, majani ya kitunguu na sosi nyeusi yenye utamu, unakunja, unakula kwa mkono. Mungu alisema kila alichoumba ni chema, na bata yumo.

Kati yetu alikuwepo kijana mmoja mkalimani, anafanya kazi na kampuni ya ujenzi ya Wachina. Yeye ndiye aliyetufundisha meza ile. Meza ni ya mviringo, katikati kuna kioo kinachozunguka. Hakuna anayeagiza sahani yake. Vyakula vyote vinawekwa juu ya kioo, unakizungusha taratibu, kila mtu anachota kidogo. Chai unawamiminia wenzako kwanza, kikombe chako mwisho. Samaki huletwa mzima, kichwa kikielekezwa kwa mgeni wa heshima. Vijiti usivisimamishe kwenye bakuli la wali, maana hivyo ndivyo ubani unavyosimamishwa mbele ya marehemu. Na ingawa meza ni duara, ipo nafasi ya juu: kiti kinachotazama mlango. Anayekaribishwa kukaa hapo hukataa, akasukumwa, akakataa tena, hadi mwenyeji amkalishe. Nilimwambia, "Bwana we, hiyo ni Luka 14!" Yesu aliwaona walioalikwa wakikimbilia viti vya mbele, akawaambia wakae nyuma wasubiri kuitwa.

Mmoja akauliza, "Na bili je?"

"Mwalikaji ndiye analipa," akasema. "Wageni wanamnyang'anya ile karatasi kwa nguvu, ukiwa mbali unaweza kudhani wanapigana."

Tukacheka sana. Ndipo bili yetu ikaja, na mhazini akatoa simu kuangalia orodha: nani ametuma, nani bado elfu kumi. Nikahesabu watu. Kikundi kina vijana 19. Mezani walikuwa 11. Nikauliza wengine wako wapi. Nikajibiwa, "Wanaumwa, Frateri." Wanane, jioni moja, wote wanaumwa. Hilo nalo likachekesha.

Siku chache baadaye, baada ya mazoezi ya kwaya, dada mmoja wa sauti ya pili alibaki kupanga viti. Anasuka nywele, kibarazani kwa watu. Nikampa pole ya ugonjwa. Akaniambia kwa upole tu, bila kulalamika: "Sikuumwa, Frateri. Ile hela ni kodi ya chumba changu na chenji inabaki. Ningesema sina, wangenichangia. Halafu ningekuwa yule tuliyemchangia."

Nimelitafakari neno hilo kuliko mahubiri mengi niliyosikia mwaka huu.

Fungueni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, mstari wa 17 hadi 34. Siku zile hakukuwa na makanisa ya kujengwa. Waamini walikusanyika nyumbani kwa mwenye uwezo, wanakula, na ndani ya mlo huo wanaadhimisha Meza ya Bwana. Wataalamu wa Maandiko wanaeleza kwamba chumba cha kulia katika nyumba za Kirumi za namna ile kilitosha watu tisa hivi. Wengine walikaa uani. Sasa piga picha: wenye nafasi wanafika mapema na vyakula vyao, wanaanza. Vibarua na watumwa wanatoka kazini giza limeingia, wanakuta mifupa. Mmoja ana njaa, mwingine ameshalewa. Paulo hakemei divai, wala hasemi chakula kilikuwa ghali. Anawauliza kama wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Kisha anatamka jambo zito: mnachokula hapo si Chakula cha Bwana.

Na hapo hapo, katikati ya kukemea, ndipo anaandika kile alichokipokea, juu ya usiku ule Bwana alipotwaa mkate. Mnajua kwamba barua hii ni ya zamani kuliko Injili zote nne? Iliandikwa katikati ya miaka ya 50. Yaani maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo ya maneno ambayo padre huyasema altareni yamo ndani ya barua ya kuwagombeza watu kwa sababu ya chakula cha jioni. Kama watu wa Korintho wangekula vizuri pamoja, huenda Paulo asingehitaji kuyaandika.

Anaposema mtu anakula hukumu yake "asipoutambua mwili", sisi huwaza Hostia peke yake. Ni kweli, na tusilegeze hata kidogo imani yetu juu ya Ekaristi Takatifu. Lakini sura inayofuata, ya 12, Paulo anaeleza mwili mwingine usiotenganishwa na huo: sisi, viungo. Dada yule wa sauti ya pili ni kiungo. Jumapili tunapanga foleni moja naye kwenda Komunyo. Jumamosi tulimpangia mlango wa shilingi 85,000.

Najua mtakalosema, nimeshalisikia: "Frateri, hela yangu, jasho langu. Kwa hiyo tusifanye kitu kizuri kwa sababu mmoja hana?" Hapana. Siku yako ya kuzaliwa, alika rafiki zako watatu, nendeni Masaki mkale bata mpaka mshibe, na msisahau ishara ya msalaba kabla ya kula hata kama mhudumu anawaangalia. Ni yako. Lakini ukiita jambo "chakula cha kikundi", na kikundi ni cha Kanisa, bei inageuka kuwa mlinzi getini. Inaamua nani ni mwenzetu, na inafanya hivyo kimya kimya, bila mtu kupiga kura.

Aristotle, ambaye hakuwa na Injili, aliliona hili. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anamsifu mtu anayetumia fedha nyingi kwa jambo la wote. Halafu anamcheka mtu anayewalisha wenzake wa kikundi cha kuchangiana kana kwamba ni harusi, ili tu aonekane ana uwezo. Kikundi cha kuchangiana! Nilipokisoma chuoni nilidhani ni mambo ya Athene.

Na hapa niseme ukweli ambao utawauma wengine. Tatizo letu ni ile orodha. Kila mchango, uwe wa harusi, wa msiba au wa hija, majina yanapangwa kwenye kundi la WhatsApp, tiki ya kijani kwa waliotoa, na chini kabisa majina matupu yanaachwa yakiangaliwa na watu wote kwa wiki tatu. Mnaita uwazi wa fedha. Mtu ambaye hana, kila simu ikilia anashtuka. Uwazi ni kueleza fedha imetumikaje. Kuonyesha nani hana ni kitu kingine kabisa.

Padre Matteo Ricci, Mjesuiti Mwitaliano aliyefika Macau mwaka 1582, aliingia Beijing mwaka 1601 na kufariki huko mwaka 1610. Kitabu cha kwanza alichokitunga mwenyewe kwa Kichina, mwaka 1595, kilihusu urafiki. Katika kumbukumbu zake aliandika pia juu ya karamu za Wachina na vile vijiti vyao. Alikaa mezani kwao akajifunza kabla ya kufundisha. Sisemi meza ile ni takatifu. Mkalimani wetu mwenyewe alisema zabuni nyingi hufungwa hapo hapo, na adabu nyingine ni ya kulinda jina. Ila meza ya mviringo ambapo hakuna sahani ya mtu, na mwalikaji ndiye analipa, ilikuwa inatuhubiria wazi, nasi tukaigawa bili kwa kichwa.

Yesu alimwambia mwenyeji wake, tena akiwa anakula chakula chake (kwetu hiyo ingeitwa kukosa adabu): ukifanya karamu, waite wasioweza kukulipa (Lk 14:12-14). Hakusema wachangie waje. Alisema waite.

Jumatano tulikaa na viongozi wa kikundi. Kulikuwa na kelele kidogo, mhazini alinuna, lakini tumekubaliana. Chakula kijacho hakuna bei ya kichwa. Kutakuwa na bahasha zisizo na jina, kila mtu anarudisha yake, hata ikiwa tupu, na atakayezifungua ni mama mlezi peke yake. Kitakachopatikana ndicho kitakachochagua mahali. Hesabu za awali zinaonyesha mahali ni ukumbi wa parokia. Mkalimani amesema anajua kupika zile chapati nyembamba. Bata wapo kwa jirani wa kanisa, wale wetu wa mtaani. Dada wa sauti ya pili amejitolea kuwapuliza kwa pampu ya baiskeli ya kaka yake, ila ameuliza nani atawanyonyoa, na mpaka sasa hakuna aliyeinua mkono.