Rafiki Kabla ya Njia



Waarabu wana msemo mfupi ambao wenzetu walioko Oman na Ghuba wanaujua vizuri: mwenzi kabla ya njia. Maana yake ni kwamba kabla hujauliza unakwenda wapi, uliza kwanza unakwenda na nani. Neno wanalolitumia hapo kwa huyo mwenzi, rafiiq, sisi Waswahili tulilichukua zamani tukalifanya letu, likawa rafiki. Kwao ni mtu wa kufuatana naye njiani. Kwetu limekuwa mtu wa kukaa naye barazani, wa kukopeshana naye, wa kuzikana naye. Safari imesahaulika, amebaki rafiki.

Tungependa leo kulirudisha neno hilo njiani, na kuuliza swali linalotukuta mara kwa mara sisi tunaoishi Ulaya, ingawa ni nadra kulisema wazi. Marafiki wawili wa zamani wanapoamua ghafla kuingia garini na kuzunguka Ulaya, je, wamekubaliana jambo moja? Yule anayesema "twende tu" na yule anayeitikia "haya, twende", wanabeba mzigo wa uzito mmoja?

Safari hizi wengi wetu tunazijua. Mtu amevuka kutoka Uingereza kuja harusini au msibani Ujerumani, anafikia kwa mwenzake aliyesoma naye, wamekaa mpaka saa saba za usiku wanacheka mambo ya bweni na ya mwalimu fulani. Mara mmoja anasema, kwani kutoka hapa Köln mpaka Paris ni mbali? Si kama kilomita mia tano tu? Saa hiyo hiyo funguo za gari zinatafutwa. Wala tusiidharau furaha hiyo. Maisha yetu ya ughaibuni yamejaa ratiba: zamu za kazini, miadi ya ofisi, bili za mwisho wa mwezi, na simu za nyumbani zinazotaka ada za shule. Mbeba boksi anayepata siku tatu za kwenda popote bila kumuomba mtu ruhusa, pamoja na mtu aliyemjua kabla hajawa mbeba boksi, amepata kitu ambacho fedha hazinunui. Kwa siku hizo tatu anakuwa tena yule kijana wa zamani.

Lakini hapo ndipo penye swali. Rafiki wa zamani ni mtu tuliyekuwa sawa naye. Tulivaa sare moja, tulichapwa fimbo moja, tulipanga foleni moja ya ugali na maharage. Usawa ule hatukuufanyia kazi, tuliukuta. Miaka ishirini baadaye tunakutana tukidhani bado upo, kwa sababu vicheko ni vile vile.

Wazee wetu walikuwa na tahadhari na jambo hili. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenzake kwamba ni mwema, alimuuliza: je, wewe ni jirani yake? Umewahi kufanya naye mambo ya fedha? Umewahi kusafiri naye? Alipojibiwa hapana kwa yote matatu, alisema, basi humjui. Naye Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi, aliandika kwamba marafiki wakitengana kwa muda mrefu urafiki wenyewe huanza kusahaulika, na kwamba pengo kati ya watu wawili, la mali au la jambo lolote lingine, likiwa kubwa mno urafiki haudumu. Mmoja anatuonya kwamba hatumjui mtu mpaka tusafiri naye. Mwingine anatuonya kwamba yule tuliyemjua huenda sasa amekuwa mbali nasi kuliko tunavyodhani. Safari ya ghafla na rafiki wa zamani inayaweka maonyo yote mawili ndani ya gari moja.

Pengo la leo huku Ulaya si la mali peke yake. Ni la makaratasi.

Tuanze na historia kidogo. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Luxembourg na Uholanzi, zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Walitia saini ndani ya meli kwenye mto Mosel, mbele ya kijiji kidogo cha Luxembourg kiitwacho Schengen, mahali ambapo Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zinakutana. Utaratibu wenyewe ulianza kazi tarehe 26 Machi 1995, na tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi zilizomo zimefika 29. Kwa sisi watu wa pwani kuna jambo la kutafakari hapo. Mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba mpaka Ziwa Viktoria, na Wadigo wa Vanga na Wadigo wa Tanga wakajikuta nchi mbili. Haikutimia miaka mia moja, Ujerumani ikakaa melini na majirani zake kuifuta mistari ya kwao.

Imefutwa, lakini kwa nani? Mwenye pasipoti ya Uingereza anavuka kutoka Dover kwenda Calais bila viza. Mwenzake anayekaa mtaa huo huo wa London kwa kibali cha kuishi, mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya, hana budi kuomba viza, kulipa, kupeleka taarifa za benki na barua ya mwajiri, na kungoja kwa majuma. Huyo hana safari ya ghafla. Hata akiwa na fedha za mafuta na likizo mkononi, neno "kesho" halimo katika kamusi yake. Aliyeko Ujerumani kwa kibali anaweza kwenda Paris na Brussels, lakini kwenda London kumtembelea rafiki yake hawezi bila viza. Na kibali hicho kikimalizika muda kabla kipya hakijatoka, hupewa barua ya ofisi ya kusema ombi lake linashughulikiwa. Baadhi ya barua hizo zinamruhusu kutoka nchini na kurudi, nyingine hazimruhusu.

Haya hayakutufikia kwa kusoma tu. Kiangazi cha 2025 tulivuka kutoka Uingereza, sisi wawili, kwenda Köln kwa sahibu yetu ambaye tulikaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Usiku wa kwanza ikazuka habari ya Paris. Sahibu yetu akasema "haya", akanyamaza. Mgeni mmoja aliyekuwepo sebuleni akauliza kwa nini amenyamaza, na alipohisi kwamba huenda ni mambo ya kadi, akacheka akasema: "Nani atatuuliza? Si ndiyo Schengen hii, mpaka uko wapi?" Hatukuongeza neno. Baadaye jikoni, wakati wa kuosha vikombe, tulimuuliza sahibu yetu peke yake. Kadi yake ilikwisha Aprili. Alikuwa na barua, nayo ni ile isiyomruhusu kutoka Ujerumani.

Tulitazama ramani upya. Asubuhi tulishuka mpaka Koblenz, ambapo Mosel inaingia Rhein, tukaufuata mto kupitia mashamba ya mizabibu mpaka Trier, tukaliona lango la Warumi ambalo bado limesimama, tukaendelea mpaka Perl, mji wa mwisho wa Ujerumani. Ng'ambo ya daraja ni kijiji cha Schengen chenyewe. Hatukuvuka. Tulikaa ukingoni na chupa ya chai ya tangawizi na mkate wa mayai aliotupikia mkewe. Mto ule una jambo la ajabu: maji yake hapo hayakugawanywa katikati, ni mali ya Ujerumani na Luxembourg kwa pamoja. Tulipokuwa tunakunja vitu vyetu sahibu yetu alisema: "Mngeshikilia Paris ningekwenda. Ningeona haya kuwakatalia wageni."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Huyu ni mtu mzima, mwenye akili zake, na angeihatarisha miaka tisa ya maisha yake kwa sababu ya haya. Na hatari haikuwa ya kufikirika. Ufaransa ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake Novemba 2015, na Ujerumani ikauweka kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Si kila gari husimamishwa, ni kweli. Ila likisimamishwa, wanaoulizwa hawaulizwi kwa matokeo sawa. Sisi tungepoteza nusu saa. Yeye angeweza kupoteza kibali, na pamoja na kibali kazi, na pamoja na kazi nyumba ambayo watoto wake wanalala.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa kawaida methali hiyo huelezwa kama onyo kwa mnyonge, asijitie safarini kwa kutegemea bahati ya mwingine. Sisi tunaona ina upande wa pili, unaomhusu mwenye nyota. Ukijua kwamba nyota yako inakulinda wewe tu, usimwite mwenzio asafiri chini yake. "Nani atatuuliza?" ni maneno ya kijasiri, lakini ujasiri ule unalipiwa na mtu mwingine. Ni rahisi sana kuwa shujaa kwa makaratasi ya mwenzako.

Kuna watakaotupinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza watasema: mwacheni mtu achague mwenyewe, kumhurumia ni kumdharau. Tunakubali kwamba uamuzi ni wake. Lakini uamuzi unaotolewa sebuleni mbele ya wageni, na mtu akiwa mwenyeji aliyelelewa kutomnyima mgeni, si uamuzi huru. Ndiyo maana mahali pa kuuliza ni jikoni, si sebuleni. Kumuuliza faraghani si kumhurumia. Ni kumrudishia uwezo wa kusema hapana bila kuaibika, na bila uwezo huo "haya, twende" yake haina maana.

Wa pili watasema: je, mwenye pasipoti aache kuishi kwa sababu rafiki yake hana? Kuikataa Paris kunamfaa nini aliyebaki Köln? Hapa pia tunakubali nusu. Paris ipo, nasi tunaweza kwenda siku nyingine, wala hakuna dhambi. Kukaa nyumbani kwa ajili ya kuonyesha huruma ni kumtwika mwenzio deni asilolikopa. Lakini tutofautishe mambo mawili: kutembea Ulaya, na kusafiri na rafiki. Tukisema tunasafiri na rafiki, basi yeye ndiye safari, na njia hukatwa kwa kipimo chake. Tukisema tunakwenda Paris, tuseme hivyo, na tusimtaje yeye.

Wala mzigo wote si wa mwenye nguvu. Aliye na makaratasi mapungufu ana wajibu wake, nao ni ukweli, mapema. Sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2002 inazitaka nchi wanachama zimwadhibu anayemsaidia kwa makusudi asiye na ruhusa kuingia nchini. Anayenyamaza akapanda gari la mwenzake anaweza kumtia katika maswali ambayo hakuyachagua. Tunajua kwamba ni vigumu. Miongoni mwetu watu huficha kadi zilizokwisha kama wanavyoficha ugonjwa, kwa sababu wanajua habari itavyosafiri mpaka nyumbani. Lakini kama rafiki wa darasa la tatu hafai kuambiwa, nani anafaa?

Yote haya yanahusu fedha pia. Anayesema "tutagawana sawa" mafuta, hoteli, na ushuru wa barabara za Ufaransa, huku akijua kwamba mwenzake analipa ada za wadogo zake wanne, ameuita usawa kitu ambacho ni hesabu tu. Usawa wa marafiki hauko kwenye kugawa risiti katikati. Uko kwenye kila mmoja kuwa na sauti moja juu ya njia, na kila mmoja kuweza kusema "hapa nimefika" bila ya kuonekana amewaharibia wenzake.

Aristotle alisema pengo likiwa kubwa urafiki haudumu. Kwa pengo la tabia huenda alisema kweli. Lakini pengo la makaratasi halimo ndani ya mtu. Limewekwa na ofisi, na ofisi hiyo hiyo inaweza kuliondoa kwa muhuri mmoja. Lisilo ndani ya mtu halina haki ya kuvunja urafiki, isipokuwa sisi tuliruhusu. Usawa tulioukuta dawatini umekwisha, haurudi wenyewe. Uliobaki ni wa kutengenezwa kwa mikono, kila safari upya, na anayeanza kuutengeneza ni yule aliyejaliwa zaidi.

Basi, ndugu wasomaji, likizo zinapokuja na funguo za gari zinapoanza kutafutwa usiku, tusiwe wazito wa kwenda. Twende, na ghafla ni nzuri. Ila kabla ya kuuliza Paris au Roma, mwite mwenzio pembeni, muulize: wewe unaweza kufika wapi? Akishajibu, hapo ndipo mfungue ramani.

Wasalaam.