Ridhaa ya Nani?

Kwenye michezo neno hili halina utata. Bondia wa ridhaa hapigani kwa ajili ya mshahara; ameingia ulingoni kwa kupenda mwenyewe. Lakini ridhaa pia ni kukubali, kutoa idhini. Sasa vijana wengi mjini wananing'iniza shingoni kamera kuukuu za filamu na kujiita wapiga picha wa ridhaa. Sawa. Ila ridhaa ya nani? Ya anayepiga, au ya anayepigwa?

Lipeleke swali hilo Lunga Lunga uone uzito wake. Huu ni mji wa mpakani, kusini kabisa mwa Kwale. Ukivuka tu, uko Horohoro, Tanzania. Katika mji wa namna hii picha nyingi zina kazi. Kuna ya paspoti, ya harusi, ya bango la mgombea. Kila moja ina mtu aliyeiagiza, na mtu huyo anajua anachotaka.

Tena katika kaunti hii, ile picha ndogo ya kitambulisho si jambo dogo hata kidogo. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, waliishi hapa miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi, kudai vitambulisho. Mwaka uliofuata wakaanza kuvipata. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba kutambuliwa. Bila kipande huwezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Kwa mtu aliyesubiri hivyo, kukaa wima mbele ya kamera, macho mbele, bila kutabasamu, kulikuwa ushindi.

Halafu anakuja jamaa na filamu ya picha 36, hakuna aliyemtuma, anasema anatafuta sanaa. Sanaa gani?

Jibu jepesi ni rangi zilizopauka, chembechembe, ile hali ya picha za zamani. Jibu hilo halinitoshi. Lunga Lunga ya leo ina malori yenye taa kali, bodaboda na vibanda vya M-Pesa. Ukiipiga kwa kukwepa vyote hivyo ili ionekane kama 1974, utakuwa umewageuza watu walio hai kuwa mapambo ya kumbukumbu ambayo hata si yako. Ni uongo mdogo, lakini ni uongo.

Kuna lengo zito zaidi. Picha ya kitambulisho inakwambia: thibitisha wewe ni nani. Picha ya ridhaa haina haja ya kumdai mtu uthibitisho wowote. Yule mama anayepanga maembe mafungumafungu anaweza kuonekana bila kujieleza kwa afisa, bila kumpendeza mteja, bila kupiga kampeni. Kumpa mtu nafasi hiyo ni sanaa tosha, hata kama picha haitatundikwa popote.

Na lengo hilo linaanzia kwenye ufundi. Saa saba mchana, mbele ya bati linalong'aa na anga nyeupe, kipima mwanga cha kamera nyingi za zamani hujumlisha kila kitu na kutafuta wastani. Kinaona mwanga umezidi, kinakushauri ubane lenzi. Ukikitii, anga litatoka zuri na uso wa mtu mweusi utatoka giza tupu. Si ajabu: kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Kwa hiyo sogea, pimia uso, fungua lenzi zaidi. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Anga likiungua, liungue. Hapo umeshachagua nani ana thamani ndani ya fremu yako.

Wapenzi wa filamu husema kamera hizi zina heshima kuliko simu, kwa sababu hukulazimisha upige taratibu. Sina hakika. Mtu ukimpiga kwa simu anaweza kukwambia, "Hebu nione," kisha, "Hiyo futa." Kwa filamu hana cha kuona wala cha kufuta. Picha imeshaingia kwenye chembe za fedha, haionekani mpaka ioshwe, na wewe umeshapanda matatu kurudi mjini. Ridhaa aliyokupa ni ya gizani. Amekuamini tu.

Kitu ulichoaminiwa nacho kina jina: amana. Amana hurudishwa.

Vivian Maier, yaya wa Chicago, aliacha zaidi ya picha laki moja alipofariki mwaka 2009, na nyingine hata hakuwa ameziosha. Sasa dunia nzima inamsifu, na wengi huuliza kama yeye mwenyewe angekubali picha zake zionyeshwe. Swali zuri. Lakini wale waliomo ndani ya picha hizo, nani aliwauliza?

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, piga hesabu nyingine kabisa. Weka pamoja bei ya filamu, ya kuosha, ya kuchapisha nakala moja kwa kila uliyempiga, na nauli ya kurudi Lunga Lunga kuzigawa. Usikawie, kwa maana joto la pwani huiharibu filamu iliyopigwa ikikaa bila kuoshwa. Na ukirudi, mwenye sura akiitazama nakala na kukwambia hii usimwonyeshe mtu, basi usiionyeshe, hata kama ndiyo bora kuliko zote. Ukiona pesa zako zinatosha watu kumi tu, piga watu kumi. Hizo nafasi 26 zilizobaki, piga malori.