Je, Ni Dhambi Kutumia Dawa za Miti?

Wapenzi wakatekumeni, wengi huuliza: «Ninajitayarisha kwa Ubatizo, je, nizitupe dawa za miti nilizofundishwa na wazee?» Swali hili si dogo. Ajibuye vibaya aweza kumnyima mgonjwa msaada, au kumrudisha ndugu yake katika ushirikina.

Kwanza tuutazame mti wenyewe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, mwaka 1987 wataalamu walimwona sokwe mgonjwa akimenya shina changa la mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso. Akafyonza maji yake, na kesho yake akawa na nguvu tena. Watongwe nao huutumia kwa maumivu ya tumbo. Sokwe yule hakupiga ramli wala hakuvaa hirizi. Basi nguvu ya dawa imo ndani ya mti, nayo imewekwa na Muumba. Ndivyo ilivyo kinini: mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, ambao baadaye ulipandwa hata huku kwetu Kivu. Humponya Mkristo na asiye Mkristo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba dawa za ardhini ni kazi ya Mungu, na mwenye busara hazidharau.

Dhambi huingia wapi, basi? Utazame utomvu wa mpafu. Mahali pengi hufukizwa kama ubani. Lakini mpiga ramli naye aweza kuufukiza. Moshi ni ule ule. Kinachotofautiana ni jambo linalotafutwa.

Mtu atasema: «Mganga wetu ana yote mawili: ajua majani, tena apiga ramli.» Umwombe jani na kipimo chake, uikatae ramli. Akisema jani halifai kitu mpaka atajwe aliyekuroga, ondoka. Wewe utapona tumbo, lakini kikongwe asiye na kosa atafukuzwa kijijini, pengine atauawa. Afya inunuliwayo kwa damu ya jirani si afya. Heri kurudi nyumbani na maumivu yako.

Tena jani lile lile liponyalo, likizidi kipimo huua. Kwa hiyo usitoe dawa usiyoijua, wala usimfiche muuguzi ulichokunywa. Mtoto akishikwa na homa kali, apelekwe dispansari siku ile ile. Anayemchelewesha kwa ukaidi huku akijua hatari, naye aivunja Amri ya tano.

Basi msiyatupe majani ya wazee wenu. Itupeni chuki iliyofungwa pamoja nayo, kisha mshukuruni Mungu aliyeiotesha miti.